Shangazi, naogopa kuwaona wakubwa wao

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 26, fundi cherehani, naishi Muheza na mume wangu. Tuna watoto wawili. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 7, yuko darasa la kwanza. Wa pili ni binti wa miezi 14, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Alipozaliwa, muuguzi alimfunua kanga, akamtazama usoni, akamwita mwenzake. Wakanong'onezana. Nikalisikia neno "mongoli". Sikuambiwa lolote mpaka kesho yake wakati wa kuruhusiwa, daktari akasema mtoto ana sindromu ya Down, haina dawa, nikamlee kwa upendo. Akasogea kitanda cha pili. Mimi nilikuwa bado nina maswali mdomoni.

Tangu siku hiyo nalea kwa kubahatisha. Mtoto amelegea viungo, kila kitu kwake kinachelewa. Ameanza kukaa mwenyewe wiki tatu zilizopita, na siku hiyo nilifunika cherehani nikakaa naye chini mpaka adhana ya magharibi. Kilo saba hazijatimia. Akinyonya anachoka haraka, anatoka jasho kichwani mpaka kanga yangu inalowa, anaachia ziwa, anapumzika, anarudi. Mama mkwe anasema ni joto la Muheza. Kwa mengine ni mtoto mtulivu, mcheshi, na kaka yake akitoka shule hunyoosha mikono hata kabla hajamwona, akisikia tu sauti yake mlangoni.

Mwezi uliopita kliniki nilikutana na nesi mgeni. Yeye hakunong'ona. Aliniambia Machi kutakuwa na kongamano la siku mbili Dar es Salaam la familia zenye watoto kama wangu. Watakuwepo madaktari, walimu, wazazi, na wenyewe waliokwisha kuwa watu wazima. Wanaotoka mikoani watapewa chakula na pa kulala, nauli kila mtu ajitegemee. Alinipa namba, nikapiga, nikaandikishwa. Nilirudi nyumbani nikiimba. Sasa nyimbo zimekwisha.

Mume wangu ni dereva wa fuso la machungwa. Sitaki kumsingizia, hajamkataa mtoto, akirudi safari humbeba na kumtembeza barazani. Lakini nilipomweleza habari ya kongamano alisema, "Unakwenda kumwanika mtoto. Watampiga picha, wamweke kwenye mabango, waombee fedha." Mama mkwe naye anasema kwao jambo hili halijapata kutokea, nimelitoa kwetu, au kuna mwiko niliuvunja nikiwa na mimba. Ameshamwambia mwanawe aoe mwingine atakayemzalia watoto waliokamilika. Mume wangu hakumjibu. Shangazi, bora angejibu vibaya kuliko kule kunyamaza.

Fedha nilizonazo ni shilingi 90,000 za kushona sare, ndizo nilizokuwa nikiziweka kwa ajili ya cherehani ya pili. Halafu wiki hii tumetumiwa ujumbe kwamba siku hiyo tuje tumevaa soksi zisizofanana, mguu huu rangi hii na mguu ule rangi nyingine. Nikajiuliza, hawa watu wanatufanyia mzaha?

Lakini hayo yote nimeyaandika ili nifike hapa. Nilikulia Pangani. Jirani yetu alikuwa na kijana mkubwa wa sura hii hii ya mwanangu. Alikuwa akifungiwa uani. Sisi watoto tulikuwa tukimchungulia kwenye upenyo wa makuti. Alikuwa anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ulimi nje, anajitikisa mbele na nyuma, anatoa sauti moja tu. Tulikuwa tukimrushia maganda ya machungwa ili ageuke. Siku moja hatukumkuta, tukaambiwa amefariki. Hata jina lake sikulijua.

Tangu nimzae binti yangu, yule kijana hanitoki. Nikiwaza kuingia ukumbi wenye watu wazima wa namna hiyo, miguu inakufa ganzi. Nyumbani naweza kumtazama mwanangu nikaona mtoto tu. Huko nitaonyeshwa mwisho wake. Je, niende? Au ningoje akue kidogo, nami moyo uwe umekomaa?

Mama wa binti, Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Nenda. Na nimefurahi umeniandikia sasa, maana kuna jambo moja katika barua yako haliwezi kusubiri Machi. Tulimalize hilo kwanza.

Umeandika kwa kupita tu kwamba mtoto akinyonya hutoka jasho kichwani, huchoka, huachia, na kwamba kwa miezi 14 kilo saba hazijatimia. Nimeyasoma maneno hayo mara tatu. Karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, mara nyingi tundu katikati ya vyumba vya moyo. Jasho la kichwani wakati wa kunyonya, kuhema haraka, kutoongezeka uzito, hizo ndizo dalili ambazo madaktari huziulizia. Inawezekana kabisa ikawa ni joto, Muheza naijua. Lakini mwenye haki ya kusema ni joto ni mtu aliyeuona moyo wake kwenye kioo, kwa kipimo cha eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Kusikiliza kifua peke yake hakutoshi, kwa sababu yapo matundu makubwa yasiyotoa sauti yoyote. Kila mtoto mwenye sindromu ya Down anastahili kipimo hicho mara tu anapozaliwa, hata akiwa mnene na mchangamfu, na katika barua yako sioni kama wako alifanyiwa.

Sikutishi. Nakuharakisha. Tundu kubwa likiachwa, damu hukimbilia mapafuni kwa nguvu kupita kiasi na kuharibu mishipa yake kidogo kidogo, na ikishaharibika daktari wa upasuaji hana tena la kufanya. Ndiyo maana matundu makubwa huzibwa mapema, mengi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Kwa hiyo Jumatatu usikae kwenye cherehani. Mpeleke hospitali ya wilaya, waambie maneno yale yale uliyoniambia mimi, ya jasho na ya kilo, na uombe rufaa ya kipimo cha moyo. Kama mkoani kipimo hakipo, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili hupima watoto na kuwafanyia upasuaji. Wasipokuwa na haraka na wewe, rudi siku ya pili. Na kabla ya hapo, ukiona midomo au kucha zinageuka rangi ya bluu, au mbavu zinazama ndani akivuta pumzi, usingoje Jumatatu wala gari la mume wako. Panda bodaboda saa hiyo hiyo.

Sasa yule kijana wa Pangani.

Nimekaa naye siku mbili tangu nipate barua yako. Nataka nikuambie kitu, ukipokee vizuri kwa sababu hukuwa na kosa, ulikuwa mtoto. Yule kijana hukumwona. Ulimchungulia. Uliona mtu ambaye hajapelekwa shule hata siku moja, ambaye pengine hakuwa akisikia vizuri, maana watoto hawa wengi hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio na kusikia kwao kukapungua, na asiyesikia maneno atayatamka vipi? Uliona mtu asiye na wa kuzungumza naye tangu alfajiri mpaka jioni, anarushiwa maganda. Weka mtoto yeyote uani miaka ishirini, hata yule wako wa darasa la kwanza, umkute anajitikisa juu ya kinu. Sindromu ya Down ilimpa sura yake na ugumu wa kujifunza. Yale mengine yote alipewa na ule uzio wa makuti.

Na hili si la kukufariji tu. Marekani, mwaka 1983, mtu mwenye sindromu ya Down kwa wastani alikuwa akiishi miaka 25. Leo ni kama 60. Hakuna aliyevumbua dawa katikati hapo. Kilichobadilika ni kwamba mioyo ya watoto ilianza kufanyiwa upasuaji, na familia ziliacha kuwapeleka watoto wao kufungiwa kwenye majumba makubwa mbali na watu.

Mimi nina haki ya kusema haya kwa sababu nilikuwa pale ulipo. Mwanangu wa mwisho ana miaka 23, naye ana sindromu ya Down. Kongamano langu la kwanza nilikwenda akiwa na miezi minane, nimemfunika gubigubi kama kwamba ukumbi mzima haukuwa na watu wa kumjua. Mapokezi palikuwa na meza, na nyuma ya meza dada wa miaka kama ishirini mwenye sindromu ya Down alikuwa anaandika beji. Aliniuliza jina langu, nikamtajia. Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, akiukandamiza wino mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nikanyoosha mkono kuchukua. Akaizuia beji kwa kiganja. "Na yeye?" akaniuliza. Sikuelewa. Akanyoosha kidole kwenye kanga. "Yeye. Anaitwa nani?"

Mwanangu, kwa miezi minane watu walikuwa wameniuliza ana nini, anaumwa nini, atatembea lini. Jina hakuna aliyeuliza. Nililitaja, naye akaliandika kwa ukubwa ule ule wa jina langu, akainuka, akazunguka meza, akaibana beji kwenye kanga juu ya kifua chake, akairekebisha mpaka ikakaa sawa.

Hiyo ni asubuhi. Mchana nilikimbia. Wakati wa chakula nilimwona mzee mmoja anamlisha mwanawe wa miaka thelathini na kitu kwa kijiko, anamfuta kidevu, na nikajiambia ndio mwisho wetu huu. Nikaingia chooni nikalia, kisha nikatoka nje nikapanda daladala. Siku ya pili sikurudi.

Nakueleza hili kwa sababu sitaki uende ukidhani utakutana na wale wa kwenye mabango tu, wanaocheka na kucheza ngoma. Utawaona wa kila namna. Utamwona anayepanda basi peke yake kwenda kazini, na utamwona asiyesema neno. Kuna watakaokusalimia kwa mkono na kukuuliza umekuja na usafiri gani, na kuna atakayekaa siku nzima ameshika upindo wa gauni la mama yake. Wanatofautiana kama watoto wako wawili wanavyotofautiana. Hakuna mmoja kati yao ambaye ni binti yako. Ukimwona wa kukutia hofu, usimtazame mpaka ukajiona umeona yote, mtazame na mwenzake wa meza ya pili. Na moyo ukizidi, kaa karibu na mlango, toka, vuta pumzi, rudi. Kurudi ndiko nilikoshindwa mimi, na kulinigharimu.

Kulinigharimu hivi. Sikurudi kwenye makongamano hayo mpaka mwanangu alipofika miaka tisa. Wakati huo alikuwa amebadilika. Alikuwa mzito wa mwili, ngozi kavu, choo cha shida, analala mchana, maneno aliyokwisha kuyajua anayaacha. Nilidhani ndiyo Down yenyewe imezidi. Daktari mmoja niliyempelekea alidhani hivyo hivyo. Basi nikaenda kongamano, na siku ya kwanza, kwenye foleni ya pilau, mama mmoja wa kutoka Dodoma aliyekuwa nyuma yangu alimtazama tu akaniuliza, "Tezi yake ya thairoidi mmepima mwaka huu?" Mimi hata hiyo tezi sikuijua. Ni tezi ya shingoni, katika watoto wetu huchoka kufanya kazi mara nyingi kuliko kwa watoto wengine, hupimwa kwa damu, wakizaliwa, wakifika miezi sita, wakifika mwaka, kisha kila mwaka. Tulipopima ikakutwa imelala kabisa. Sasa anakunywa kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai. Alirudi. Maneno yalirudi. Nilipiga hesabu ya miaka iliyopotea kwa sababu nilikimbia kijiko cha yule mzee, nikaacha kuhesabu.

Kwa hiyo uliponiuliza kama ungoje akue, jibu langu liko kwenye foleni ile ya pilau. Madaktari jukwaani watakupa mambo mazuri, yasikilize, andika. Lakini tafuta mama ambaye mtoto wake amemzidi wako miaka miwili au mitatu hivi. Huyo ndiye wa kung'ang'ania. Wenye watu wazima watakutia moyo, ila habari ya uji unaotemwa, ya ulimi, ya jinsi ya kumkalisha asiporomoke, ya wiki gani alisimama, wengi wameshaisahau. Mwenye wa miaka mitatu anaikumbuka kama jana. Chukua namba yake. Akiwa wa mkoa wa Tanga, shukuru Mungu, msiachane stendi kabla hamjapanga siku ya kutembeleana. Na watakuwepo. Duniani inakadiriwa mtoto 1 kati ya 1,000 hadi 1,100 huzaliwa hivi, kwa hiyo hata Muheza huko peke yako, wengine tu wamewafunika kama nilivyomfunika wangu.

Soksi si mzaha. Kongamano lenu linaangukia Machi kwa sababu tarehe 21 Machi ni Siku ya Sindromu ya Down Duniani, na Umoja wa Mataifa umeitambua tangu 2012. Tarehe yenyewe ina maana: mwezi wa tatu, siku ya ishirini na moja. Kila chembe hai ya mwili wa mtu ina kromosomu, vifungu vidogo vinavyobeba urithi kutoka kwa wazazi, na huwa ziko jozi. Mwanao, kromosomu yake ya 21 ziko tatu badala ya mbili. Hiyo ndiyo sindromu ya Down yote. Kromosomu zikichorwa hufanana na soksi zilizokunjwa, ndipo watu wakaanza kuvaa soksi zisizo pacha ili anayewaona aulize. Valia tu. Mtafutie na binti yako, rangi utaziona kwenye vipande vyako vya kitambaa.

Na lile neno "mongoli" ulilolisikia, lisikukae moyoni. Daktari wa Kiingereza, John Langdon Down, aliyeandika habari za watu hawa mwaka 1866, aliwafananisha sura na watu wa Mongolia. Shirika la Afya Duniani liliacha kulitumia neno hilo mwaka 1965. Muuguzi wako alikuwa nyuma miaka mingi.

Mama mkwe. Nisingependa ubishane naye, ni mzazi, na wivu wake ni wa mjukuu. Lakini wewe mwenyewe lazima ujue ukweli ili ukilala usijiulize umekula nini. Katika watoto 100 wenye sindromu ya Down, kama 95 wameipata kwa sababu yai au mbegu wakati wa kuumbwa iligawanyika vibaya ikabeba kromosomu ya ziada. Inatokea yenyewe. Haitoki kwenye mwiko, wala kwenye chakula, wala haichagui upande wa mume au wa mke. Umri wa mama huongeza uwezekano, kuanzia miaka 35 kwenda mbele, ila wengi wa watoto hawa huzaliwa na mama walio chini ya umri huo, kama wewe, kwa sababu ninyi ndio mnaozaa zaidi. Wapo wachache, watatu au wanne katika mia, ambao kromosomu hiyo imejishikiza kwenye nyingine, na baadhi yao hao hurithi, kwa baba au kwa mama. Kipimo cha damu cha kromosomu ndicho kinachobainisha, ulizia kongamanoni kinapatikana wapi, hasa kama mnafikiria mtoto wa tatu. Kwa hiyo hata akioa wake watatu, mama mkwe hana wa kumhakikishia.

Kama ni yeye anayemkanda mtoto mafuta ya nazi, mwache amkande, mikono ya bibi ni dawa. Mwombe jambo moja, asimpinde wala kumvuta shingo. Mifupa ya juu ya shingo kwa baadhi ya watoto hawa haijakaza.

Mume wako nimempenda kwa barua yako. Baba anayembeba mtoto wake barazani mbele ya watu hamwonei haya. Alichosema kuhusu picha si upuuzi, kimewahi kutokea. Mpe jibu la kweli: picha ya mtoto wenu haipigwi bila ninyi kukubali, na mkikataa hakuna wa kuwanyima chakula wala kiti. Mwambie mwandaaji tangu mlangoni. Akija mpiga picha amekuinamia na kamera, mgeuze mtoto begani, useme hapana, asante. Vivyo hivyo kwa watakaokuja na chupa za virutubisho vya kuongeza akili, au maji ya kumwagia kichwani. Hakuna dawa ya kuitoa kromosomu ile ya tatu. Zile 90,000 zako zisiishie kwenye chupa.

Lakini usimwambie mumeo "twende kongamano". Mwambie habari ya moyo, usiku, ukiwa unamnyonyesha mtoto mbele ya macho yake, ili alione lile jasho. Mwambie natafuta rufaa, na rufaa ikiwa ya Dar es Salaam nitakuomba unisindikize. Hilo si hila, ndiyo hali yenyewe. Mkishapata tarehe ya hospitali, jaribuni iwe karibu na kongamano, nauli moja ifanye kazi mbili. Isipowezekana, hospitali inatangulia, hata kama kongamano litakupita. Akifika ukumbini asikae na wewe muda wote. Wababa huwa wanajikusanya nje kwenye kivuli, wanaongea mambo ya mpira, halafu katikati ya mpira mmoja anasema, "Mimi mke wangu alinikuta nalia bafuni." Nimewaona. Pale atasikia asilolisikia kwa mama yake.

Kunyamaza kwake siku ile mimi sikuwepo. Lakini ametaka kumlinda mtoto asipigwe picha. Mtu aliyeamua kuoa mwingine haogopi picha.

Ya fedha. Wapigie wandaaji, waulize kama wana nauli kwa wanaotoka mbali, usione haya, wapo wanaoshindwa kuja dakika ya mwisho na fungu lao hubaki. Kwa gharama za hospitali, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini, hao ndio wanaoshughulikia msamaha wa matibabu. Nenda na kadi ya kliniki na barua ya serikali ya mtaa. Cherehani ya pili isiguswe kama haijalazimu.

Kwenye basi mshike akiwa wima, si kulala ndani ya kanga, na mnyonyeshe kidogo kidogo. Machi masika yanaingia, akiwa na kifua siku ya safari, msisafiri. Na uliza kitu kimoja utakapopiga simu: je, watu wenye sindromu ya Down wenyewe watapewa nafasi ya kusema? Marekani kwenye mkutano wa kila mwaka wa shirika la National Down Syndrome Congress vijana na watu wazima wana vikao vyao wenyewe, na ndugu zao pia wana vya kwao. Kama kwenu kuna kikao cha namna hiyo, ingia, hata kama daktari mkubwa anaongea chumba cha pili saa hiyo hiyo. Ukimpata mmoja amekaa peke yake, kaa karibu naye, mwulize anapenda nini. Mpe muda wa kujibu. Muda mrefu kuliko ulivyozoea. Hesabu kumi moyoni kabla hujamsaidia neno. Hivyo ndivyo utakavyoongea na binti yako miaka mingi ijayo, anza kuzoea.

Mwanangu mimi anafagia na kupanga mizigo kwenye duka la mjomba wake la vifaa vya ujenzi. Chenji humshinda. Wateja wageni hawaelewi nusu ya anayosema. Lakini anaoga mwenyewe, anajua basi la kurudi nyumbani, na jana usiku aligombana na mimi kwa sababu nilizima redio mpira haujaisha. Mzee wa kijiko nilimkuta tena kwenye kongamano lile la pili. Nilikwenda kumsalimia. Kumbe siku ile mwanawe alikuwa ametoka kuvunjika mkono.

Jambo la mwisho. Barua yako ina kurasa tatu. Umenitajia uzito wa binti yako, miezi yake, jasho lake, jinsi anavyonyoosha mikono kwa kaka yake. Jina lake sijalikuta. Najua unamficha na macho ya watu, na mimi nisingelichapisha. Lakini hospitali wilayani wataliuliza Jumatatu, na meza ya mapokezi Dar wataliuliza. Litaje kwa sauti. Na ukishapata majibu ya moyo nitumie ujumbe, nijue nimwombee nani.

Shangazi yako